Pawa Mbili za Mawese

— Kilo makumi tisa na munane. Ile ile.

Odile aliweka beseni chini, akakaa bila kuvua viatu. Kila Ijumaa, akishauza samaki wake bandarini, alipanda juu ya mizani ya magunia pale kituo cha treni, na kila Ijumaa mizani ilimpa jibu moja. Wiki ya sita sasa.

Onema, mume wake, aligeuza uso.

— Labda mizani imeharibika. Vyote vya serikali vimeharibika.

— Mizani iko muzima, papa. Mimi njo niko na shida.

Ukutani palibandikwa karatasi ya Henri, mganga wa kituo cha afya. Tensio ya Odile, presha ya damu, ilikuwa imepanda mpaka anaona giza, na dawa, kama kawaida, wakubwa wanajua zinapotelea wapi. Basi Henri alichukua kilo zake, urefu wake, miaka yake hamsini na kazi ya kubeba beseni, akapiga hesabu. Mwili wako, alisema, unachoma kalori elfu mbili mia tatu kwa siku. Toa mia tano. Kula elfu moja mia nane, na kila wiki nusu kilo itakwenda. Hata mafuta alimwandikia: vijiko viwili kwa siku, basi. Odile alifuata ile karatasi kama sala.

Ila hesabu ya Onema hakuna aliyeipiga. Mwaka wa elfu mbili na mbili, vita vilipofunga Kindu, treni haikuja, na waliokwenda shambani wengine hawakurudi. Wakubwa wa vita waligawana barabara. Hakuna aliyeuliza watu wa Kindu wanakula nini. Jacqueline, bibi yake wa kwanza, alikwisha kidogo kidogo. Siku moja, akiosha sahani, pete ilimtoka yenyewe kidoleni, ikalia ndani ya beseni. Wiki mbili baadaye Onema alimzika.

Kwa hiyo tangu karatasi ibandikwe, kila jioni alimshika Odile mkono, akaizungusha pete aliyomvisha, aone kama imelegea. Odile alidhani ni mapenzi, akacheka. Na kila alipokwenda kuchota maji, Onema alifunua sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akachukua upawa wa kupakulia, akamwaga pawa mbili za mawese, akakoroga mpaka mafuta yakazama. Pawa mbili, kwa sababu walikula sahani moja. Hangeweza kumnonesha bibi peke yake. Mwenyewe mshipi ulikuwa umemwishia matundu.

Jioni ile ujumbe wa Henri uliingia: “Mama Odile, kilo haishuki. Tushuke elfu moja mia mbili. Na usikule kwa kujificha.”

Odile alimpa Onema simu asome. Aliusoma mara tatu, akamrudishia.

Jumatano asubuhi simu ililia. Ni Gisèle, anayeuza samaki pamoja na Odile.

— Papa Onema, kuja mbio. Mama ameanguka hapa bandarini.

Alimkuta kituo cha afya, dripu ya serumu mkononi. Siku tatu, ili kilo zishuke, alikuwa hajala kitu ila chai. Nyumbani alisema amekula bandarini. Henri alisimama kando ya kitanda, karatasi mkononi, uso umekunjwa.

— Hesabu iko sawa, mama. Kabla ya siku hizi tatu ulikuwa unakula wapi? Sema kweli.

— Naapa kwa mutoto wangu, sikuiba hata kipande cha muhogo.

— Basi mizani njo muongo?

Odile aligeukia ukuta, mabega yakaanza kutikisika. Onema angeweza kunyamaza. Shahidi wake alikuwa sufuria tu.

— Ni mimi, alisema. Pawa mbili za mawese, kila siku, tangu mwanzo.

Henri alitoa kalamu, akapiga hesabu nyuma ya karatasi. Pawa mbili kwa watu wawili: kwa Odile upawa mmoja, karibu kalori mia tano. Alitoa mia tano. Onema akazirudisha zote. Henri akakunja karatasi, akatoka awaachie chumba.

— Wiki sita uliniangalia nikilia, Odile alisema.

— Ndiyo.

— Ulitaka nife na tensio?

— Nilitaka usikonde. Jacqueline pete ilimutoka nikiangalia. Ukiacha chakula, naona ile beseni tena.

— Jacqueline walimunyima. Mimi nachagua, nipate kuzeeka na weye. Unasikia?

— Nasikia.

— Haujasikia. Utasikia siku utaacha ile upawa.

Odile alipotoka hapo alikwenda kwa dada yake Nathalie. Siku ya tano Onema akamwandikia: “Nimenunua sahani ya pili. Kijiko iko juu ya meza. Upawa nimemupa jirani.”

Odile alirudi. Karatasi ikarudi elfu moja mia nane, na Onema akampimia mafuta mbele ya macho yake, kijiko mchana, kijiko jioni. Majirani walipoona sahani mbili walinong’ona kwamba nyumba imegawanyika. Waache waseme.

Wiki ya tisa alimshika mkono kama kawaida. Pete ikazunguka.

— Imelegea, alisema.

— Najua. Tensio pia imeshuka. Angalia mimi, Onema, usiangalie pete.

Alimwangalia. Kisha akainuka, akaleta uzi mweusi, akaivua ile pete, akaizungushia uzi polepole, akairudisha kidoleni. Ikakaa.

— Na ikilegea tena?

— Uzi iko mingi, mama.