Kikohozi cha Badi

Kila asubuhi Mwanaasha alipika uji nje ya kibanda chao cha maturubai. Waliishi katika kambi ya wakimbizi, nje ya mji wa Mombasa. Mumewe, Badi, aliamka akikohoa. Alikohoa mpaka akainama. Kisha alichukua nyundo yake akaenda kutafuta vibarua vya useremala mlemle kambini.

Kwao ni Chula, kisiwa cha Wabajuni, kule Somalia. Huko Badi alikuwa fundi wa mashua. Vita vilipoanza, watu wenye bunduki waliingia kisiwani. Walichukua mashua na nyavu. Walimuua kaka yake Badi mbele ya mlango wake. Badi na Mwanaasha walikimbilia Ras Kamboni, wakavuka mpaka, wakafika Kenya. Walikuja na watoto wao wawili. Ibtisam alikuwa na miaka mitatu. Walidi alikuwa bado ananyonya.

"Kikohozi hiki ni vumbi tu la kambini," Badi alisema kila mara.

Lakini alikonda. Usiku alitoka jasho hata shuka ikalowa. Mwanaasha alimwambia aende hospitali.

"Hospitali iko nje ya kambi," Badi alijibu. "Mimi sina kitambulisho cha nchi hii. Nikikamatwa nitarudishwa. Unataka nirudi kwa wale walioua kaka yangu?"

Mwanaasha alikwenda kuifua shuka.

Kisha Walidi naye akaanza kukohoa. Mwili wake ulikuwa moto. Badi alimnunulia dawa ya maji dukani. Haikusaidia. Mtoto aliacha kunyonya. Mwanaasha alilia, akasema, "Baba Ibtisam, twende hospitali!"

"Tungoje kidogo," Badi alisema. "Kesho atapata nafuu."

Alfajiri Walidi alifariki mikononi mwa mama yake.

Majirani walikuja kuhani. Mmoja wao alikuwa Bi Zuleikha, mama wa makamo kutoka Kismayu. Alikuwa amefika kambini kabla yao, na aliwasaidia wauguzi kuwatembelea wagonjwa. Alikaa mkekani na wanawake. Alimsikia Badi akikohoa upande wa pili wa turubai.

"Mumeo anakohoa tangu lini, mwanangu?" aliuliza.

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Anatoa damu?"

Mwanaasha alitazama chini. "Jana niliiona kwenye kitambaa chake."

"Huenda ni kifua kikuu," Bi Zuleikha alisema polepole. "Mchu akikohoa zaidi ya wiki mbili, apimwe." Kwao, mtu huitwa mchu. "Ugonjwa huo hupita kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, aliye karibu naye huuvuta. Watoto wadogo huumia upesi. Lakini ugonjwa huo una dawa, na dawa yake ni bure."

"Hata kwa wageni?"

"Hata kwetu. Daktari si polisi. Kazi yake ni kutibu. Omba ruhusa ofisini, uchukue kadi ya kambi, na kwenye lango la hospitali useme unakwenda kliniki ya kifua."

Mwanaasha aliikunja nguo ya Walidi. Kisha akasema, "Bi Zuleikha, kwa nini hukuja wiki iliyopita?"

Bi Zuleikha alimshika mkono.

Baada ya siku za matanga, Mwanaasha alisimama mbele ya mumewe. "Mmoja ametoka humu amebebwa," alisema. "Sitaki wa pili. Usipokwenda leo, nitakwenda mimi na Ibtisam peke yetu."

Badi alivaa shati lake.

Waliomba ruhusa ofisini, wakatoka. Kwenye lango la hospitali, askari aliwauliza kitambulisho. Badi alirudi nyuma hatua moja. Mwanaasha alionyesha kadi ya kambi. "Tunakwenda kliniki ya kifua," alisema. Askari aliiangalia, akawafungulia.

Daktari alimtazama Badi. "Unakohoa tangu lini?"

"Siku tatu, daktari."

"Si kweli," Mwanaasha alisema. "Tangu kabla ya Ramadhani. Na anatoa damu."

Badi alimgeukia kwa hasira, lakini daktari aliinua mkono. "Usinifiche, ndugu yangu. Ukinificha, nitakupa dawa isiyo yako. Unatoka wapi?"

Badi alitazama mlangoni. "Mimi ni mchu wa Chula," alisema.

"Sawa. Mtu wa Chula hutibiwa kama mtu wa Mombasa."

Makohozi yake yalipimwa. Kilikuwa kifua kikuu. Ibtisam naye alipimwa. Hakuwa mgonjwa, lakini alipewa vidonge vya kumkinga.

Badi aliuliza kwa sauti ndogo, "Na yule mtoto wangu aliyekufa? Ni mimi niliyemuua?"

"Sikumwona mtoto," daktari alisema. "Siwezi kujua alikufa kwa nini. Angeletwa, tungejaribu."

Badi alifunika uso kwa mikono yake.

Alianza kuchomwa sindano na kumeza vidonge. Alifunika mdomo akikohoa, na Mwanaasha alikunja turubai la ubavuni ili hewa ipite. Siku moja Badi aliona mkojo wake umekuwa mwekundu. Aliogopa, akataka kuacha dawa. Bi Zuleikha alimpeleka kwa muuguzi.

"Ni rangi ya dawa tu," muuguzi alimwambia. "Usiache. Hata ukijiona mzima, usiache mpaka daktari aseme basi. Ukiacha njiani, ugonjwa utarudi, na dawa hizi huenda zisiuweze tena."

Hakuacha. Miezi ilipita. Jasho la usiku liliisha, na mwili ukarudi. Mwisho daktari alisema basi. Badi aliomba ruhusa ofisini, akapata kazi kwa fundi wa milango mjini. Alifanya kazi vizuri, lakini hakuwa mtu wa maneno mengi tena.

Mwanaasha alianza kutembea na Bi Zuleikha kibanda kwa kibanda. Siku moja walimkuta mwanamke mgeni, Kuluthumu, amempakata mtoto mwenye homa. Aliogopa kutoka kambini.

"Chukua kadi yako, nitakwenda nawe," Mwanaasha alisema. "Daktari akikuuliza, mwambie kweli yote. Twende sasa, si kesho."

Walitoka pamoja. Njiani Kuluthumu aliuliza, "Na wewe, dada, una watoto wangapi?"

"Wawili," Mwanaasha alijibu, akaongeza mwendo. "Mmoja yu hai."