Namba Iliyoyumbisha Jibu

Duka la fotokopi lilifurika wanafunzi mchana huo, na feni haikufua dafu mbele ya joto la mashine. Karatasi za dada mwenye blauzi ya manjano zilipotoka, zikadakwa na kijana aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, amevaa koti jeupe la maabara.

"Hizi ni hesabu au uchawi?"

"Ni kipindupindu. Milinganyo inayoonyesha wagonjwa wanavyoongezeka siku hadi siku. Naomba karatasi zangu, Fundi."

Jina likamganda. Kijana alikuwa mpimaji katika maabara ya maji ya mji. Dada alikuwa akiandika tasnifu ya uzamivu, naye akabatizwa Profesa. Haikupita wiki, simu zikawa haziishi.

"Umekula, Profesa wangu?"

"Bado. Naitikisa namba moja moja, naangalia ipi inayumbisha jibu."

"Mimi sikuyumbishi?"

"Wewe umezidi. Kata simu nifanye kazi."

Kati ya namba kumi na moja za milinganyo yake, kumi hata uzitikise vipi, jibu lilitulia. Moja ilikuwa balaa: siku ambazo vijidudu huishi ndani ya matangi ya maji. Ukiikosea kidogo tu, maelfu wanaugua. Profesa akamwomba mpenzi wake aipime. Baada ya wiki mbili Fundi akaleta jibu: siku nne.

"Umepima mwenyewe?"

"Kwa mikono hii, mpenzi. Matangi sita."

Akaibusu mikono hiyo. Kama vijidudu huishi siku nne tu, kutia dawa matangini mara moja kwa wiki kulitosha, na idara ya afya ilikuwa tayari kuufuata ushauri wake.

Siku moja akapita maabara kuomba daftari la vipimo, alitie kwenye kiambatisho. Mama mkuu wa maabara akamshangaa.

"Vipimo vya matangi? Mwanangu, mashine ya kuoteshea vijidudu imekufa miezi mitano sasa."

Fundi alikuwa mlangoni, shati limepigwa pasi, uso umemshuka.

"Ulikuwa na haraka," akasema. "Nilitaka kukufurahisha. Ni namba moja tu."

"Nilikwambia ni ipi. Kati ya zote, ukanidanganya kwenye hiyo."

Alasiri hiyohiyo akapiga simu idara ya afya, akaiondoa ripoti yake mwenyewe. Utetezi wa tasnifu ukaahirishwa muhula mzima. Dada yake mkubwa akajaribu kumtuliza.

"Mwenzio hana hata mwanamke wa nje, mdogo wangu."

"Angekuwa naye, dada, ningeumia peke yangu."

Baada ya wiki saba Fundi alibisha hodi, amekonda, daftari mkononi. Mashine ilitengenezwa, matangi sita yamepimwa, kila ukurasa una tarehe na sahihi ya mama mkuu. Siku tisa. Profesa akaketi, akakokotoa upya wakati Fundi amesimama. Dawa ilitakiwa kila baada ya siku mbili.

"Asante. Idara wataipata leo."

"Na sisi?"

Akalifunga daftari taratibu.

"Hili nimeliamini kwa sababu lina sahihi ya mama mkuu. Siwezi kuishi na mume nikingoja sahihi ya mtu mwingine kila anaposema neno."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Profesa akamsindikiza hadi ngazini, kama anavyosindikizwa mgeni, na alipokwisha kufunga mlango ndipo akalia.