Mkono Mdogo Ndani ya Friza

Hadithi inakuja polepole leo, maana kuna joto. Isogezeeni mkeka ikae.

Hapo Dodoma, katika nyumba yenye pazia la kijani, anakaa Nyemo. Ana miaka sita. Anajua kufunga kamba za viatu vyake. Kuviweka mahali pake, hapo ndipo bado.

Juzi Nyemo aliacha kiatu mlangoni. Kiatu kimoja tu, cha kushoto. Bibi akakikanyaga, akaanguka, pu! Mguu wake ukateguka.

Mguu wa Bibi ukavimba, ukawa mnene kama kiazi kitamu. Ukaanza kupwita. Pwi, pwi, pwi.

Nesi akasema, "Uwekeeni barafu asubuhi, mchana na jioni. Barafu itautuliza."

Nyemo alitaka kumwambia Bibi samahani. Neno likafika kooni, likakaa hapo hapo. Akaona afadhali awe anamletea barafu.

Barafu ilikuwa kazi ya friji. Juu kabisa, ndani ya friza, kulikuwa na kimashine kidogo. Kilikunywa maji chenyewe, shiii. Kiliyagandisha chenyewe. Kisha kilidondosha vipande vya barafu kwenye bakuli refu lililokaa chini yake.

Kolo, kolo, kolo, ta.

Nyemo aliipenda sauti hiyo kuliko hata kengele ya kwenda nyumbani.

Lakini jana jioni hakukuwa na kolo kolo. Usiku kucha mguu ukapwita, na Bibi hakulala. Leo mchana Mama akafungua friza, akapapasa ndani ya bakuli.

Akagusa mfuko wa maharage. Akapapasa huku. Maharage. Akapapasa kule. Maharage tena.

"Hakuna barafu hata kipande," Mama akasema. "Friji imegoma hii."

Sebuleni, Bibi alikaa kwenye kochi, mguu juu ya mto.

"Pole, Bibi," Nyemo akasema.

"Nimeshapoa, mke mwenzangu," Bibi akasema. Bibi humwita hivyo kwa utani. Lakini hakuwa amepoa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi, na usingizi wenyewe haukuja.

Nyemo aliona huruma sana. Akarudi jikoni, akasimama mbele ya friji.

Kugoma alikujua. Juma lililopita yeye mwenyewe aligoma kula mchicha, kwa sababu ulikuwa na mchanga. Anayegoma ana sababu yake. Basi inafaa aulizwe.

Nyemo akaweka sikio kwenye mlango wa friji. Mlango ulikuwa wa baridi, mtamu.

"Friji, friji, umegomea nini?"

"Nguuu," friji ikajibu. "Nguuu."

Mama akampigia simu fundi.

"Niko njiani," fundi akasema.

Fundi akisema yuko njiani, wewe bandika chai. Kunywa. Osha vikombe. Halafu ndiyo uanze kumsubiri.

"Lakini kwanza, dada," fundi akasema, "angalia kama umeme unafika."

Mama akafungua mlango. Taa ya ndani ikawaka, ya manjano, laini. Ikaangaza nyanya na mtindi.

"Umeme upo," Mama akasema.

Nyemo akaweka sikio.

"Friji, friji, umegomea nini?"

"Nguuu," friji ikajibu. "Nguuu."

"Basi angalia maji," fundi akasema. Kwenye simu yake kuku walikuwa wanalia. Hiyo njia aliyokuwepo ilikuwa na kuku wengi.

Mama akaivuta friji mbele kidogo. Nyuma kulikuwa na bomba jembamba la maji na koki ndogo. Nyemo akaingia nyuma, maana yeye ndiye aliyeenea.

Kulikuwa na vumbi laini. Kulikuwa na kibanio cha nguo kilichopotea zamani.

"Koki imefunguliwa, Mama. Na bomba halijajikunja."

"Maji yapo," Mama akasema.

Nyemo akaweka sikio, safari hii mgongoni kwa friji. Mgongo ulikuwa na joto.

"Friji, friji, umegomea nini?"

"Nguuu," friji ikajibu. "Nguuu."

"Basi nisubirini," fundi akasema, na simu ikakatika.

Pwi, pwi, pwi. Kule sebuleni Bibi akaguna kidogo. Akaguna chinichini ili asisikike. Nyemo akasikia.

Akavuta stuli. Akapanda. Akafungua mlango wa friza mwenyewe.

Moshi mweupe wa baridi ukatoka, ukamshika mashavu. Ndani kulikuwa kweupe na kimya. Kulikuwa na asubuhi ndogo ndani ya friza, huku nje ni saa nane na jua linachoma.

Nyemo akanong'ona, maana mahali pale palitaka kunong'onewa.

"Friji, friji, umegomea nini?"

Friji haikusema nguuu. Ilinyamaza.

Hapo Nyemo akaona kitu. Kando ya kimashine kulikuwa na mkono mdogo wa waya, mwembamba. Mkono ulikuwa umenyooka juu.

Nyemo akautazama. Akautazama tena.

Shuleni kwao, Mwalimu Sifa hugawa uji kwa birika kubwa. Humimina, humimina. Mtoto akitosheka hanyanyui kikombe, hapigi kelele. Ananyoosha mkono tu. Mwalimu akiona mkono, anaacha kumimina.

"Mama," Nyemo akasema polepole. "Friji haijagoma."

"Imefanyaje, basi?"

"Imenyoosha mkono. Inasema imetosheka."

Mama akaja, akachungulia. Chini ya mkono ule kulikuwa na mfuko wa maharage. Mfuko mnono, umeganda, umekaa ndani ya bakuli kama mwenye nyumba. Ndio uliousukuma mkono juu.

"Inadhani bakuli limejaa barafu," Nyemo akasema. "Kumbe limejaa maharage."

Mama akashika kiuno.

Jana, Jumamosi, Mama alichemsha maharage ya juma zima. Akayagawa kwenye mifuko, akayapanga kwenye friza. Mfuko wa mwisho ukakosa nafasi. Akausukuma popote ulipoingia.

"Kumbe ni mimi," Mama akasema. "Na friji ya watu nimeisingizia."

Mama akautoa mfuko. Mkono mdogo ukashuka. Ulishuka taratibu, kama mtu anayeona aibu kidogo.

Wakasubiri.

"Nguuu," friji ikasema. Kisha, kwa mbali sana: shiii.

"Inakunywa maji," Nyemo akanong'ona.

"Itachukua muda kugandisha," Mama akasema. "Na Bibi je?"

Wakatazama mfuko wa maharage mikononi mwa Mama. Ulikuwa wa baridi hasa. Mama akauzungushia kanga, akauweka juu ya mguu wa Bibi, pole pole.

"Mmh," Bibi akasema. "Sijawahi kuvishwa maharage."

Mguu ukapwita kidogo. Pwi. Halafu, pwi. Bibi akafumba jicho moja.

Jicho la pili lilibaki wazi. Maharage ni maharage, yanafika nusu ya njia tu.

Nyemo akaenda kujilaza jikoni, kwenye sakafu ya baridi, karibu na friji. Pazia la kijani likapumua ndani, likapumua nje.

Nguuu. Nguuu.

Macho ya Nyemo yakawa mazito. Akajiona yuko ndani ya friza, mdogo kama punje ya mchele. Theluji nyeupe ilimfika magotini, wala haikuuma. Mkono mdogo wa waya ulimpungia.

"Barafu iko wapi?" Nyemo akauliza.

"Inaiva," mkono ukasema. "Usiifunue."

Nyemo akakaa kwenye theluji, akasubiri iive. Juu yake maji yalikuwa yanalala, tone kwa tone. Kila tone lililolala likawa jiwe la kioo.

Kisha,

kolo,

kolo,

kolo,

ta.

Nyemo akafumbua macho. Jua lilikuwa limehama, limefika kwenye mguu wa meza.

"Mama, imeiva."

Mama akachota vipande, akavifunga kwenye kanga, akampa Nyemo avibebe yeye. Nyemo alitembea taratibu kutoka jikoni hadi sebuleni. Mlangoni palikuwa peupe, hapana kiatu.

Akaondoa maharage. Akaweka barafu.

"Ahaa," Bibi akasema. Jicho la pili likafumba.

Nyemo akapiga magoti kando ya kochi. Sasa neno lilikuwa tayari, lakini Bibi alikuwa anasinzia, na si vizuri kumwamsha mtu ambaye hajalala usiku kucha.

Kwa hiyo akauinamia mguu.

"Samahani, mguu," akanong'ona. "Kile kiatu kilikuwa changu."

Mguu haukusema pwi.

"Umekusikia," Bibi akasema, macho bado yamefumba. "Umekusamehe tangu juzi. Sasa uache ulale."

Mkono wa Bibi ukashuka, ukakaa juu ya kichwa cha Nyemo. Nyemo akakilaza kichwa pale pale kwenye kochi.

Mama alipochungulia, wote watatu walikuwa wamelala: Bibi, Nyemo, na mguu.