Ogoti, Ndama na Majiko Mawili ya Kanisa

Kila asubuhi Ogoti aliyahubiria majani ya chai. Alifunga gunia la nailoni kiunoni ili umande usimloweshe. Alivaa kikapu mgongoni, akaingia shambani huko Boito. Mikono ilichuna, mdomo ulihubiri.

"Wapendwa, siku moja ndama wa baba yangu alipotelea kwenye ukungu..."

"Amina!" alijibu Sagini, mchunaji mwenzake. "Lakini huyo ndama atapatikana lini? Tangu juzi anapotea tu!"

Wachunaji wote walicheka. Ogoti pia alicheka, lakini roho ilimuuma.

Ogoti alikuwa anajifunza kuwa mhubiri katika kanisa lao la Methodisti. Mchungaji wao, Mchungaji Nganga, ana makanisa mengi ya kuzunguka. Hawezi kuwa kila mahali Jumapili moja. Kwa hiyo watu wa kawaida wanamsaidia kuhubiri: mchuna chai, mwenye duka, mama wa nyumbani. Majina yao yanaandikwa kwenye plani, ile karatasi ya zamu inayobandikwa mlangoni. Lakini kabla jina lako halijaingia kwenye plani, unafanya mazoezi Jumapili kadhaa, kisha unahubiri kwa majaribio. Mchungaji anakaa nyuma, anasikiliza.

Siku ya Ogoti ya majaribio ilikuwa inakaribia, na alikuwa na shida kubwa. Akihubiri, watu walilala.

Si mmoja, si wawili. Jumapili iliyopita kwaya nzima ilisinzia. Mama mmoja alitoka nje kutapika. Ogoti mwenyewe kichwa kilimzunguka, akasahau maneno. Ndama akaachwa kwenye ukungu, watu wakaenda nyumbani.

Baadaye Mchungaji Nganga alimpigia simu. "Ndugu Ogoti, nimeambiwa watu wanalala. Nitakuja kukusikiliza mwenyewe. Lakini wakilala mbele yangu, sitaweza kuliweka jina lako kwenye plani."

Jioni hiyo Ogoti hakumaliza ugali wake.

"Huenda Mungu hakuniita," alimwambia mke wake, Drusilla.

"Usiseme hivyo, baba watoto. Mimi ninafundisha watoto kule kanisa la zamani. Hakuna hata mmoja anayelala. Wananisumbua mpaka mwisho!"

"Basi wewe ndiye umeitwa."

Mama yake Ogoti, mzee Nyabate, alikuwa anaota moto jikoni. Aliinua kichwa.

"Mwanangu, mimi nakusikiliza vizuri kabisa. Halafu kichwa kinaanza kunigonga kama nyundo. Macho yanajifumba yenyewe. Lakini nikitembea kidogo njiani kurudi nyumbani, napona."

"Mama, hiyo ni kusema mahubiri yangu ni ugonjwa!"

Wote watatu walicheka.

Sasa ujue jambo moja. Kanisa lao la zamani lilikuwa la mbao. Upepo ulipita kwenye nyufa mpaka vitabu vya nyimbo vikafunguka vyenyewe. Wakati wa baridi, stiwadi wa kanisa alileta majiko mawili ya makaa kwa ajili ya wazee. Stiwadi ndiye mtunzaji wa nyumba ya kanisa. Huyu aliitwa Gekara, mtu wa upendo sana.

Mwaka huu walihamia kanisa jipya la mawe. Lina madirisha ya vioo, mlango wa chuma, na dari. Kanisa la mbao wakawaachia watoto. Baridi ilipoanza, Gekara akahamisha majiko pia. Aliyawasha nje mpaka moshi ukaisha. "Jiko limeiva," alisema. "Sasa halina neno." Akayaweka mbele ya benchi la wazee. Akafunga madirisha yote. Chini ya mlango akasukuma gunia, upepo usiingie.

Basi Jumapili iliyofuata ile simu ya Mchungaji, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ogoti alisimama tena.

"Wapendwa, ndama wa baba yangu alipotelea kwenye ukungu. Baba alizunguka shamba lote..."

Sagini tayari alikuwa anakoroma. Ogoti aliinua sauti. Mara mzee Nyabate akateleza kwenye benchi polepole, akaanguka sakafuni.

"Mama!" Ogoti aliruka kutoka mbele.

Gekara alifika wa kwanza. "Ni baridi hiyo! Mleteeni blanketi! Msogezeni karibu na jiko!"

Walimsogeza. Mzee Nyabate hakufungua macho. Alipumua kwa shida. Watu wengine walijaribu kusimama, magoti yakakataa.

Mtoto mmoja aliyekuwa nje anachungulia dirishani alikimbia kwenye kanisa la mbao, akamwita Drusilla. Drusilla alikimbia moja kwa moja hadi kwa jirani wa kanisa, Magdaline. Magdaline ni mhudumu wa afya ya jamii. Anapita nyumba kwa nyumba na mkoba wake, na hamwogopi mtu yeyote. Alisukuma mlango, akaona majiko, akapiga kelele.

"Mtoeni nje! Wote tokeni nje! Sasa hivi!"

"Mama, kuna mvua," alisema Gekara. "Mzee ataganda."

"Heri alowe! Fungua madirisha, wewe!"

Ogoti alimbeba mama yake hadi ukingoni mwa baraza, mvua ikiwarushia. Watu wakatoka wakiyumba kama walevi. Magdaline alimlaza mzee Nyabate kwa ubavu, akalegeza nguo za shingoni, akamwangalia pumzi. Akaagiza gari la jirani liletwe haraka.

Baada ya muda kidogo mzee Nyabate alifungua macho. "Mbona mnaninyeshea?" aliuliza.

Drusilla alilia kwa furaha.

"Anaamka, lakini hospitali ataenda," alisema Magdaline. "Na yeyote anayeumwa kichwa au kutapika aende naye. Hii ni sumu ya makaa."

"Sumu?" Gekara alishangaa. "Lakini moshi ulikuwa umeisha!"

"Hapo ndipo tunapodanganyika, baba. Makaa yakiwaka yanatoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu. Moshi ukiisha, sumu bado inatoka. Nyumba ikifungwa, inajaa. Kwanza kichwa kinauma. Halafu kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Ukiendelea kukaa ndani, huamki."

"Na kule kwenye kanisa la mbao?"

"Upepo wenu uliwaokoa. Hata watoto wa Drusilla, mbona hawalali? Wako kule kwenye nyufa na hawana jiko."

Gekara alikaa chini kwenye matope. "Kumbe mimi nilikuwa nawaua wazee wangu?"

Magdaline alimshika bega. "Upendo wako ulikuwa mzuri. Jiko ndilo lilikuwa mahali pabaya."

Hospitalini mzee Nyabate aliwekewa oksijeni. Alirudi nyumbani akiwa mzima, akidai chai.

Viongozi wa kanisa walikutana, wakamwita Magdaline awafundishe. Aliwaambia hivi: usiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba ili kupata joto. Usilale nalo kamwe. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Ukimkuta mtu amezimia penye jiko, fungua mlango, mtoe nje upesi, mpeleke hospitali hata akizinduka. Viongozi waligawana vijiji, wakapeleka maneno hayo nyumba kwa nyumba. Sagini alikuwa wa kwanza kutoa jiko chumbani mwake. "Na mimi kila asubuhi nikiamka na kichwa kinauma, nilidhani nimerogwa!" alisema.

Kisha siku ya majaribio ikafika. Baridi ilikuwa kali. Lakini madirisha yalikuwa wazi, na Gekara alisimama penye mlango kama askari, mtu yeyote asiyafunge. Wazee walivaa soksi mbili mbili na makoti. Sagini alikuja amejifunga blanketi la kitanda. Nje, chini ya paa la baraza lililo wazi pande zote, majiko yalichemsha chai ya kunywa baada ya ibada. Mchungaji Nganga alikaa nyuma. Ogoti akasimama.

"Wapendwa, ndama wa baba yangu alipotelea kwenye ukungu. Baba alizunguka shamba lote. Alivuka mto. Aliwauliza majirani wote, akaanza hata kuwashuku. Mwishowe alichoka, akasimama, akanyamaza. Ndipo akamsikia ndama analia. Alikuwa wapi?"

"Wapi?" kanisa zima liliuliza.

"Nyuma ya nyumba yetu wenyewe!"

Watu walipiga makofi. Mama mmoja alipiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani akabweka. Ogoti alihubiri kwa sauti kamili, kichwa chake chepesi, maneno yakimjia kama maji. Hakuna aliyelala. Walipoimba wimbo wa mwisho, wachunaji waliokuwa ng'ambo ya bonde waliusikia.

Mchungaji Nganga alikuja mbele. Alitoa kalamu mfukoni, akaenda hadi kwenye plani iliyobandikwa mlangoni, akaandika: Ogoti.

Mzee Nyabate aliinuka kwenye benchi la mbele, akamshika mwanawe mkono.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "ndama wa marehemu baba yako amepotea kanisani wiki nyingi. Leo nimemwona anarudi zizini. Sasa nipe chai."

Wakatoka wote nje, kwenye baridi na hewa safi, wakanywa chai.