Faili Iliyojiita Picha

Mkono ulikuwa umeshika bega la mtoto, na nyuma ya mtoto hapakuwa na mtu.

Kajuju aliisogelea kompyuta. Alikuwa ofisini kwao Nkubu, ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo, akimalizia tovuti ya shule moja ya chekechea. Wazazi wangejaza fomu humo, wapakie picha ya mtoto, basi. Kuijaribu, alikuwa amepakia picha ya binti yake Nkirote, aliyoipiga asubuhi hiyo mlangoni pa jikoni. Kwenye simu mtoto alikuwa peke yake, anacheka. Kwenye tovuti alikuwa bado anacheka, ila vidole vinne virefu, vya rangi ya majivu, vilikuwa vimelala juu ya sweta yake.

Alidhani picha mbili zimechanganyikana kwenye seva. Akaifuta, akaipakia upya. Mara hii mkono ulionekana mpaka kwenye kiwiko, na chumba kikaanza kunuka kama jiko lililozimwa kwa maji.

Alimpigia simu mama yake, Cicily, aliyekuwa nyumbani na mtoto. Cicily akamwambia alikuwa karibu kumpigia yeye. Nkirote ameacha kucheza, mwili unachemka, na analalamika kwamba bega ni zito.

Mutugi, mwenzake wa kazi, hakucheka alipoonyeshwa. Alifungua folda ambamo fomu ilihifadhi picha zote. Tovuti ilikuwa haijatangaziwa mtu, lakini humo, kabla ya picha ya Nkirote, kulikuwa na faili nyingine ambayo hawakujua imetoka wapi. Jina lake liliishia kama la picha yoyote, ila ndani haikuwa picha, na hakuna programu iliyoweza kuifungua. Fomu ilikuwa ikiangalia mwisho wa jina tu. Chochote kilichojiita picha kilipita.

Waliifuta, ikarudi ikiwa kubwa zaidi. Walipoifuta tena, spika zilizokuwa zimezimwa zikatoa sauti ya mtu anayevuta pumzi polepole, kama aliyefika baada ya kupanda mlima mrefu. Mutugi aliandika ukaguzi mpya wa kupekua kila faili ndani kabla ya kuipokea, kisha akaifunga fomu kabisa. Wengine wasingeingia tena. Aliyekwisha kuingia alibaki.

Jioni hiyo Nkirote alilazwa. Madaktari walimpima damu, wakarudia, wasione ugonjwa. Kesho yake, ukungu wa mlimani ukiwa umeziba madirisha ya wodi saa za mchana, Cicily, ambaye maisha yake yote hakuwahi kutafuta msaada nje ya kanisa lake, alirudi kutoka Runyenjes akiwa na Wambeti, mama wa maombi ambaye watu humwendea kimyakimya wakishindwa na mengine yote.

Wambeti aliweka kiganja juu ya kifua cha mtoto, akaomba kwa sauti ya chini. Kinywa cha Nkirote kikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume mzima aliyechoka.

"Sikuvunja mlango."

Wambeti akamuuliza anataka nini.

"Nipeni mwingine. Huyu nitamwacha."

Wambeti alimvuta Kajuju kando, akamnong'oneza, "Usimpe kitu, mwanangu. Ukimpa mara moja hatatosheka. Tutakaa naye hapa tukiomba, atachoka."

Lakini Kajuju alikuwa akilitazama bega la mwanawe, ambalo sasa lilikuwa limebonyea mashimo manne kama unga uliobonyezwa kwa vidole, na alikuwa akizisikiliza pumzi za mtoto zikija moja moja, kila moja ikichelewa kuliko iliyotangulia, na ile harufu ya majivu yaliyolowa ikipanda kutoka kwenye shuka safi za hospitali, na akajua kwamba hata kama Wambeti ana subira ya kungoja, Nkirote hana. Akatoka nje, akampigia Mutugi.

"Fungua fomu."

"Kajuju, nikiifungua sijui kama nitaweza kuifunga tena. Na huo ukaguzi..."

"Uache. Yangu ni picha ya kweli. Wewe fungua tu."

Alisimama ukutani, akajipiga picha. Penye jina la mtoto akaandika lake. Penye jina la mzazi hakuandika kitu. Akabonyeza kutuma, akautazama mstari wa kupakia ukisogea taratibu hadi mwisho, na harufu ikatoka wodini, ikapita chini ya mlango, ikaja ikasimama nyuma yake.

Ndani, Cicily alikuwa akilia kwa furaha. Jasho lilikuwa limemtoka mtoto, homa imeshuka, na alikuwa ameketi akiomba uji. Wambeti alikuwa wa kwanza kugeuka Kajuju alipoingia. Alimwangalia usoni, kisha juu ya kichwa chake, akajifunga leso vizuri na kurudi nyuma hatua moja.

"Umefanya nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

Kajuju alikwenda kitandani kukaa karibu na mwanawe. Nkirote alimpokea kwa tabasamu, akainua macho kidogo, akatazama nyuma ya mama yake. Halafu, kwa adabu ya mtoto aliyefunzwa kupokea wageni, akajisogeza mpaka ukutani na kuwaachia nafasi ya watu wawili.