Mwito Uliobaki Kwenye Santuri

Verla aliomba chumvi mezani, na sauti iliyomtoka haikuwa yake.

Wapangaji wenzake pale Hollywood walimcheka. Mmoja akasema, "Mchunga nguruwe wa Oklahoma, leo malkia." Verla akacheka nao, maana ndicho alichokitafuta. Studio ya filamu iliyomchukua aigize ilimpa sharti moja: aiache lafudhi ya kwao, ashike ile ya sinema, nusu Uingereza na nusu isiyo ya mahali popote, la sivyo arudi shamba. Mwalimu wake, Bi Lenore, alimpa santuri yenye sauti ya mwigizaji marehemu, akamwagiza aseme naye sambamba mpaka sauti mbili ziwe moja.

Zikawa moja. Watu wa sinema hawana neno la jini. Wao huita kipaji. Lakini sasa hata chafya ilimtoka kwa lafudhi ile, chumba kilinukia manukato ambayo hakuwahi kununua, na kila alipojaribu kutamka jina la mama yake kama linavyotamkwa kwao, kitu kiliushika ulimi wake na kuugeuza, taratibu, kama mtu anayefunga mlango kwa ufunguo.

Hofu ikamzidi, akapeleka simu ya maandishi nyumbani. Mama yake, Orpha, asiyeona tangu ujana, alifika kwa treni ya mchana. Verla alipomkumbatia chumbani, mama alijitoa mikononi mwake.

"Mwanangu yuko wapi?" alinong'ona.

"Ni mimi, Mama."

"Mikono ni yake. Wewe sikujui. Haya, ita nguruwe."

Kwao kila nyumba ina mwito wake wa nguruwe, na nguruwe wa jirani hawageuki wakiusikia. Verla alifundishwa wake kabla hajajua kufunga viatu. Akavuta pumzi. Kinywa kikatabasamu, kikasema kwa upole, "Mpenzi, sijui unazungumzia nini."

Machozi yalimtoka, na hayo tu ndiyo yalikuwa yake. Hapo gramafoni ambayo hakuna aliyeigusa ikaanza kuzunguka, ikakwaruza, na ndani ya santuri ukapanda mwito wa kwao, mkali, wa kitoto, ukiita na kuita kama mtu aliyefungiwa ghalani.

Mama Orpha alipapasa hadi pale, akapiga magoti. "Nimekusikia, mwanangu. Twende nyumbani."

Akaitoa santuri, akaifunga kwenye shali, akashika njia ya mlangoni. Verla alitaka kupiga kelele angojwe. Kinywa kikamtakia mama safari njema.