Wakili wa Chiriku

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia shangazi yake, fundi cherehani, kushona vifungo. Aliitwa Chiriku kwa sababu hakuchoka kuongea. Lakini tangu banda la mwuza mbao liungue, alikuwa kimya. Mtu alimwona akikimbia kutoka pale. Polisi walipomhoji, akaapa kwamba hakufika kabisa. Sasa alitakiwa kufika mahakama ya watoto Jumatatu.

"Mchomaji wewe! Utafungwa tu!" mwuza mbao alifoka kila alipopita mlangoni kwao. Majirani walisikia, wakageuza nyuso.

Shangazi alifunika cherehani, wakaenda kutafuta wakili. Wa kwanza hakuwakaribisha hata kukaa.

"Mimi kesi zangu ni za viwanja," alisema bila kuinua macho. "Watoto watundu siwataki hapa."

Karani wake aliwafuata ngazini. "Mama, nendeni ofisi ya msaada wa sheria, nyuma ya mahakama. Yuko wakili anayetetea watoto. Ni mkali, lakini kazi anaijua."

Mkali kweli. Alizungumza kidogo na shangazi, kisha akamwomba asubiri nje.

"Shikamoo," Chiriku alisema.

"Marahaba. Banda lilipoungua ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

Wakili alifunga faili, pa! "Shangazi yako anasema hukuwepo nyumbani. Mimi niko upande wako na tayari unanidanganya. Basi nenda. Siwezi kukutetea."

Chiriku aliangua kilio. "Nilipenya uani kwa mwuza mbao kuokota vipande vya mbao vya kazi ya sayansi. Sikuomba. Nikamwona mlinzi wake akitupa kipisi cha sigara kwenye maranda. Moto ulipowaka nikakimbia. Niliogopa kuitwa mwizi."

"Kuingia bila ruhusa ni kosa, na utaliungama," alisema wakili, akilifungua faili upya. "Lakini kuchoma si wewe."

Jumatatu mahakamani, wakili alimbana mlinzi, aliyeitwa kama shahidi, kwa maswali mpaka jasho likamtoka, akakiri. Kesi ikafutwa. Chiriku alimwomba mwuza mbao radhi kwa kuingia uani.

"Toka mbele yangu!" alijibiwa.

Nje ya mahakama, wakili alimtazama usoni. "Hukuchoma banda, mwanangu, lakini uongo wako nusura ukufunge. Anayekutetea mweleze ukweli wote, hata ule unaokuaibisha. Ule unaouficha, wapinzani wako ndio watakaokupiga nao."

"Umesikia?" shangazi aliuliza.

"Nimesikia, shangazi."